AMBREYAJI YA GARI: ULIZA MBELE YA KUFUNGUA

Somo la ufundi kwa wanafunzi wote, hata wale wasiosoma mekanike



Kwa namba hii ya buletini niliombwa kuandika somo juu ya ambreyaji ya gari. Najua wengine watasema: "Sisi hatuna gari, somo hili ni la nini?" Ni kweli, wengi wetu tunatembea kwa miguu. Lakini kila mmoja anakula unga ambao kamyoneti ya shule inaleta kutoka sokoni, na mgonjwa wa interna akizidiwa usiku ni kamyoneti ile ile inamfikisha hospitali. Gari ikisimama, sisi wote tunajua. Tena iko sababu nyingine, na hiyo ni yangu mwenyewe. Nitaieleza bila kuificha.

I. JAMBO LILILOTUPATA

Mwezi wa kumi na moja 2023 kamyoneti ya shule, Toyota Hilux ya zamani, ilianza kusumbua. Shofere akitaka kuingiza vitesi ya kwanza, bwate ya vitesi ililia krrr, sawa kinu kinachosaga mahindi yenye mawe. Vitesi ya kurudi nyuma ilikataa kabisa. Siku ile tulitoka Butembo na magunia ya unga. Mimi nilikaa mbele karibu na shofere, kwa sababu kazi ya doyeni ni kuhesabu magunia. Tulifika shuleni kwa shida, na gari ikalala pale penyewe iliposimama.

Fundi mmoja wa mjini akaitwa. Alikanyaga pedale mara moja, akasikia yale makelele, akasema: "Disiki imeungua. Inaomba kiti muzima." Kiti muzima maana yake disiki, plato na bute, vyote vipya. Bei ilikuwa dola 160, na kazi ya mikono bado haijahesabiwa.

Bwana Ekonoma akauliza: "Nani aliiunguza?" Mimi, kabla ya mtu mwingine kufungua kinywa, nikajibu: "Shofere anaweka mguu juu ya pedale saa zote. Nimemuona kwa macho yangu." Ekonoma akaandika katika kaye yake kwamba nusu ya bei itakatwa kwa mshahara wa shofere, kidogo kidogo, mpaka kuisha. Shofere hakusema neno. Alifuta mikono na kitambaa, akaenda zake.

Jumamosi mjomba wangu, aliyetengeneza magari kwa miaka mingi, alikuja kunitembelea. Nilimweleza habari ile, hata kwa majivuno kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kiisha akaniuliza neno moja tu: "Ile gari inateleza, ao haiachane?"

Nilishindwa kujibu. Sikujua kama hayo ni mambo mawili. Na somo hili lote liko ndani ya swali lile.

II. AMBREYAJI NI KITU GANI?

Moteri ikiwaka, inazunguka saa zote. Lakini magurudumu hayawezi kuzunguka saa zote: gari inasimama, inaondoka, inabadilisha vitesi. Kwa hiyo inatakiwa kitu cha kuunganisha moteri na magurudumu, na kuviachanisha kila mara shofere anapotaka. Kitu hicho ndicho ambreyaji. Kinakaa katikati ya moteri na bwate ya vitesi, ndani ya kifuniko cha chuma, hatukioni.

Sehemu zake za maana ni tano:

1. Volani: gurudumu zito la chuma, limefungwa nyuma ya moteri, linazunguka pamoja nayo.
2. Disiki: sahani nyembamba yenye garnitire (ngozi ngumu ya kushika) pande zote mbili. Inakaa juu ya mti wa chuma unaoingia ndani ya bwate ya vitesi.
3. Plato: kifuniko chenye risoro kali, kimefungwa juu ya volani. Kazi yake ni kukandamiza disiki juu ya volani.
4. Bute: rulema inayosukuma katikati ya risoro ya plato.
5. Furusheti: mkono wa chuma unaosukuma bute. Ncha yake moja inatoka nje, hapo tunaweza kuiona.

Chukua daftari moja, uliweke katikati ya viganja vyako viwili, ukandamize. Ukizungusha mikono, daftari linafuata. Ukilegeza mikono, daftari linabaki. Viganja ni volani na plato, daftari ni disiki.

Sasa shika neno hili vizuri, maana watu wengi wanalifikiri kinyume. Mguu ukiwa juu, mbali na pedale, risoro inakandamiza na vitu vyote vinashikana. Mguu ukishuka na pedale, bute inasukuma risoro, plato inarudi nyuma na disiki inabaki huru. Mguu juu, vinashikana. Mguu chini, vinaachana.

Kwa hiyo ambreyaji ina magonjwa makubwa mawili. La kwanza ni kushindwa KUSHIKANA: hapo tunasema inateleza. La pili ni kushindwa KUACHANA. Yote mawili watu wanaita "ambreyaji imekufa", lakini dawa ya moja haiponyeshi lingine.

III. NGUVU YA MGUU INAFIKA NAMNA GANI?

Iko namna mbili. Gari zingine ziko na kable, sawa ya fureni ya kinga (velo). Zingine, kama Hilux yetu, ziko na mafuta ya fureni ndani ya tiyo. Pedale inasukuma pistoni ya juu, inayoitwa emeteri. Mafuta yanasafiri ndani ya tiyo, yanasukuma pistoni ya chini kando ya bwate, inayoitwa resepteri. Resepteri inasukuma furusheti. Ndani ya kila pistoni mna mpira mdogo unaozuia mafuta yasitoke. Jina lake ni kupele.

Hapa waliosoma fizika watakumbuka sheria ya Pascal (Blaise Pascal, Mfaransa, 1623–1662): msukumo juu ya maji yaliyofungwa unaenea pande zote sawasawa. Tufanye hesabu ya mfano.

Mguu unasukuma kwa nguvu ya 100 N. Pedale ni wenzo: kutoka kwenye mhimili wake mpaka mguu ni cm 30, mpaka mti wa emeteri ni cm 6. Basi nguvu inazidishwa mara 5: emeteri inapata 500 N. Pistoni ya emeteri ina kipenyo cha mm 16, eneo lake ni cm² 2,01. Ya resepteri ina mm 20, eneo lake cm² 3,14. Nguvu ya resepteri ni 500 × 3,14 : 2,01, ni kusema karibu 780 N. Hivi mguu wa mtu mmoja unashinda risoro kali vile.

Lakini hakuna cha bure. Pedale ikishuka mm 125, emeteri inasogea mm 25, na resepteri mm 16 tu. Sasa tia hewa ndani ya tiyo, cm³ 1 tu, kama kifuniko kidogo cha chupa. Mafuta hayabonyei, lakini hewa inabonyea. Cm³ 1 inakula karibu mm 5 za mwendo wa emeteri, ni kusema mm 25 za pedale. Mguu unashuka sehemu moja ya tano bure. Hewa ikiwa cm³ 3, resepteri inabaki na mwendo wa mm 6 badala ya 16. Hapo plato hairudi nyuma ya kutosha, disiki haiachane, na vitesi zinalia. Ndani ya ambreyaji kila kitu ni kizima, na gari inakataa.

IV. KUPIMA MBELE YA KUSEMA

Mjomba alinifundisha vipimo vifuatavyo. Vyote havitaki chombo hata kimoja. Lakini mbele ya yote: gari ikae mahali sawasawa, fureni ya mkono ikazwe, mawe ao mbao ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu, na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari.

A. Inateleza? Dalili za njiani: unakanyaga gazi, moteri inalia kwa nguvu, lakini gari haiongeze mwendo, zaidi kwenye mlima. Harufu ya kuungua inapanda. Kipimo: washa moteri, kanyaga pedale ya ambreyaji, ingiza vitesi ya tatu, shika fureni kwa nguvu, tia gazi kidogo, kiisha achia pedale ya ambreyaji polepole. Moteri ikizimika, inashikana vizuri. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Fanya mara moja tu. Ukirudiarudia, utaiunguza wewe mwenyewe.

Sababu: garnitire imelika, mafuta ya moteri yamevuja juu ya disiki, kable imekazwa kupita kiasi, ao mguu wa shofere unakaa juu ya pedale, hata ukiwa mwepesi, hivi plato haikandamize kwa nguvu yake yote.

B. Haiachane? Dalili: vitesi zinalia ao zinakataa, zaidi ya kwanza na ya kurudi nyuma. Kipimo cha kwanza: moteri ikiwa imezimwa, jaribu vitesi zote. Zikiingia kwa urahisi, na moteri ikiwaka zinakataa, ugonjwa uko kwa ambreyaji. Zikikataa hata moteri ikiwa imezimwa, tazama bwate ao fimbo ya vitesi. Kipimo cha pili: moteri ikiwaka, kanyaga pedale mara nne ao tano upesi upesi, kiisha ingiza vitesi. Ikiingia vizuri kuliko mbele, mafuta yamepungua ao hewa imeingia.

Sababu: mafuta yanavuja, hewa ndani ya tiyo, kable imelegea, plato ao disiki imepindika. Na gari iliyokaa miezi mingi kwa unyevu, disiki inaweza kushikwa na kutu juu ya volani.

C. Inalia? Zima redio, moteri iwake bila vitesi. Makelele yakianza pale unapokanyaga pedale, mara nyingi ni bute. Makelele yakiwapo mguu ukiwa mbali, na yakiisha ukikanyaga, mara nyingi ni rulema ya mlango wa bwate ya vitesi.

D. Inatetemeka wakati wa kuondoka? Tazama mipira inayobeba moteri kwanza, kama haijapasuka. Kiisha fikiria mafuta juu ya disiki, ao risoro ndogo za disiki zilizovunjika.

Mjomba alipomaliza kunieleza hayo, tulikwenda kwa gari. Tulifanya kipimo A: moteri ikazimika mara moja. Haiteleze! Tulifanya kipimo B: moteri ikiwa imezimwa vitesi ziliingia zote, ikiwaka zikakataa. Nilipokanyaga mara tano upesi, ya kwanza ikaingia. Mjomba akanitazama, akasema: "Wewe ulisema shofere anaweka mguu juu ya pedale. Mguu ule unaleta kuteleza. Hii gari haiteleze hata kidogo. Sasa uliona nini?"

Ndugu zangu, nilisikia haya. Nilimshitaki mtu kwa ugonjwa ambao gari haikuwa nao.

V. KUTAFUTA MAHALI YALIPOTOKA

Fungua kapo. Tafuta kichupa cha mafuta ya ambreyaji. Kwa Hilux yetu kiko peke yake karibu na kile cha fureni. Kwa gari zingine kichupa ni kimoja kwa vyote viwili, hapo ni hatari zaidi, maana fureni pia zinaweza kukosa mafuta. Chetu kilikuwa karibu kikavu. Yule fundi wa mjini hakufungua kapo.

Mafuta hayaruki hewani. Yakipungua hivyo, yametoka mahali. Tazama sehemu tatu:

1. Ndani ya gari, juu ya pedale, mti unapoingia ndani ya emeteri. Pakilowa, emeteri inavuja.
2. Tiyo yote, hasa sehemu ya mpira na viungo.
3. Resepteri, kando ya bwate. Vuta kifuniko chake cha mpira kidogo kwa kidole. Pakilowa ndani, kupele imelika.

Kwetu palikuwa namba tatu. Mafuta meusi yalidondoka juu ya mkono wa mjomba. Kiisha, moteri ikiwa imezimwa, nilikanyaga pedale mpaka chini, naye akapima mwendo wa ule mti unaosukuma furusheti: kama mm 5 tu.

VI. KUTENGENEZA NYUMBANI

Vyombo: kle ya 10 na ya 12 (kwa gari yetu, yako inaweza kuwa tofauti), pensi, kitambaa safi, tiyo ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, chupa, kupele mpya ya kipimo kilekile, na mafuta ya fureni mapya yenye alama iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kichupa, kwa gari nyingi DOT 3 ao DOT 4.

Angalisho la kwanza: usiingie chini ya gari inayosimama juu ya kiriki peke yake. Kiriki ni ya kupandisha, si ya kushikilia. Weka vishikizo vya chuma ao magogo mapana na magumu. Tofali linaweza kupasuka bila kukuambia. Sisi hatukupandisha gari kabisa. Mjomba aliifikia resepteri akilala juu ya mkeka.

Angalisho la pili: usitie mafuta ya moteri wala mafuta ya kupikia ndani ya kichupa hicho, hata mara moja "kwa kufika tu". Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira yote na kuiharibu, nawe utanunua vyote, kutoka juu mpaka chini.

Kazi yenyewe:

1. Legeza kiungo cha tiyo, fungua visi mbili za resepteri, uitoe. Ziba tiyo ili vumbi lisiingie.
2. Toa mti, kifuniko, pistoni na kupele ya zamani. Tazama vizuri kupele ilielekea upande gani.
3. Safisha ndani kwa alkooli ao kwa mafuta mapya ya fureni. Usisafishe kwa esanse wala mazutu.
4. Pitisha kidole ndani. Pakiwa laini sawa kioo, kupele mpya inatosha. Ukisikia mashimo ya kutu, usijidanganye: nunua resepteri nzima, maana mashimo yale yatakula kupele mpya katika siku chache.
5. Paka kupele mafuta ya fureni, uiingize polepole, mdomo wake mpana ukielekea upande wa mafuta. Rudisha vyote.
6. Toa hewa. Kazi hii ni ya watu wawili. Jaza kichupa. Vika tiyo ya plastiki juu ya visi ya kutoa hewa, ncha ya pili izame ndani ya mafuta katika chupa. Aliye juu anakanyaga pedale polepole mara tatu, mara ya mwisho anaishikilia chini na kusema "Nashika". Aliye chini anafungua visi. Mafuta na hewa vinatoka. Anafunga na kusema "Achia". Ndipo pedale inaachiwa, si mbele. Ukiiachia visi ikiwa wazi, hewa inarudi ndani. Rudieni mpaka mapovu yaishe. Kila mara tano, tazama kichupa: kikikauka, mnaanza upya.

Mafuta yaliyotoka msiyarudishe. Yana uchafu, na mafuta ya fureni yanakunywa unyevu wa hewa. Yanaharibu pia rangi ya gari, na yakiingia machoni osha kwa maji mengi upesi.

Tulianza saa nane, tukamaliza mbele ya jua kuzama. Mwendo wa ule mti ulikuwa karibu mm 15. Vitesi zote ziliingia, hata ya kurudi nyuma. Kupele na mafuta viligharimu dola chache.

Kwa gari ya kable kazi ni rahisi zaidi. Bonyeza pedale kwa kidole: lazima ishuke kidogo bure mbele ya kusikia uzito. Kwa gari nyingi ni kama cm 2, lakini kipimo cha kweli kimeandikwa katika kitabu cha gari. Ikikosa nafasi hiyo, ambreyaji itateleza. Nafasi ikizidi, haitaachana. Ekuru iliyo kwenye ncha ya kable ndiyo inarekebisha. Kable iliyokatika nyuzi, ibadilishe mbele haijakuacha porini.

VII. KAZI ISIYO YA NYUMBANI

Kama kipimo A kinaonyesha kuteleza, na kable ao mafuta ni mazuri, hapo kweli disiki inaombwa. Ni lazima kushusha bwate ya vitesi, na ile ni mzigo mzito unaoweza kuvunja mkono ao kifua. Peleka kwa fundi mwenye vyombo. Lakini wewe uwe na maneno ya kumwambia: "Nilipima hivi, nikaona hivi." Mwambie atazame pia plato, bute na volani, na uvujaji wa mafuta ya moteri, maana disiki mpya iliyolowa itateleza kama ya zamani. Mwambie pia asipulize vumbi la ndani. Disiki za zamani zilikuwa na amianti, vumbi linaloharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Na kwa wenye kuendesha: mguu ukimaliza kazi yake, uondoke juu ya pedale. Kwenye mlima usishikilie gari kwa ambreyaji. Kuna fureni kwa kazi hiyo. Usiondoke kwa vitesi ya pili ukiwa na mzigo.

VIII. MWISHO WA HABARI

Jumapili jioni nilikwenda kwa Bwana Ekonoma. Nilimweleza yote, nikamwonyesha kupele ya zamani ndani ya karatasi, mdomo wake umelika upande mmoja. Akafungua kaye yake, akapiga mstari juu ya lile neno la kukata mshahara.

Kiisha nilikwenda kwa shofere. Yeye ni mtu mzima, ana watoto wanaonipita umri. Nilimwambia: "Papa, nilikusema vibaya. Naomba unisamehe." Alinyamaza kidogo, kiisha akasema: "Mutoto, kitu ulisema kilikuwa kweli. Mguu yangu nilikuwa naiweka pale, ni tabia mbaya, nitaiacha. Lakini haikuwa ile."

Neno hilo linanifuata. Nilikuwa nimeona kosa la kweli, kwa macho yangu, na bado nilikuwa mwongo. Kosa la mtu linaweza kuwa kweli, na lisiwe sababu ya jambo lililotokea. Kazi yangu hapa shuleni ni kuandika majina ya wenye makelele katika darasa na katika nyumba ya kulala. Tangu siku ile, mbele ya kuandika jina, nauliza kwanza yanatokea wapi. Wenzangu wa nyumba ya kulala wanasema nimekuwa mzito wa kuandika. Ni afadhali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari inapanda mlima, moteri inalia sana, mwendo haupande, harufu ya kuungua inasikika. Ni ugonjwa A ao B? Toa sababu mbili.
2. Kwa nini kukanyaga pedale mara nyingi upesi upesi kunasaidia kama kuna hewa ndani ya tiyo, na hakusaidii kama disiki imelika?
3. Kwa pedale ya mfano wetu, hewa ya cm³ 2 inakula mm ngapi za mwendo wa pedale? Resepteri inabaki na mwendo gani?
4. Kupele mpya imeharibika katika wiki moja. Fundi alisahau kutazama nini?
5. Kwa nini mguu unaokaa juu ya pedale haukuweza kuwa sababu ya ugonjwa wa kamyoneti yetu?

Atakayejibu yote vizuri aje kwangu Jumamosi saa tisa. Tutafungua kapo ya kamyoneti pamoja, na shofere amekubali kutufundisha kuchunguza mafuta. Mje na mikono, vitambaa tutatoa.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa mwisho